Nguruwe Aliyeishinda Homa

"Mgomba Moja, lori limepita Kibingo. Linaelekea daraja la Murongo, mpakani. Likivuka, tumekwisha."

"Nimekusikia."

Cassian alirudisha redio ya Motorola mkandani, akakaza mkono wa mafuta. Pikipiki, Yamaha DT, iliruka mashimo kama imechokozwa. Nyuma yake, Mukantabana alimkumbatia kiuno.

"Mwanangu, umetumwa na shetani?"

"Na serikali, mama. Shika vizuri!"

Ilikuwa 1993. Homa ya nguruwe ilikuwa imefagia mabanda yote ya kijiji. Nguruwe mmoja jike, wa Mukantabana, alilala siku mbili, akaamka, akadai chakula. Maabara ikapima damu yake: chembe za urithi zinazojenga kinga hazikufanana na za wenzake.

Siri ilivuja.

Kampuni ya kigeni ilimtuma Theoneste, daktari wa mifugo wa uongo, akamwiba. Nguruwe akishavuka mpaka, wangeisambaza homa mkoa mzima, kisha wawauzie wafugaji uzao wake.

Lori, Isuzu, lilikuwa limesimama kwenye kizuizi cha daraja. Sajini alishika kamba, tayari kuinua mti.

"Subiri!" Cassian alionyesha kitambulisho.

Theoneste alishuka. Koti jeupe. Tabasamu.

"Vibali hivi hapa. Nguruwe thelathini wa kuchinja, kutoka Ihembe. Wako ni yupi, kijana?"

Cassian alichungulia. Wote weusi. Wote tope tupu.

Sajini alijikuna kidevu. "Afande, karatasi ni halali. Nakupa dakika moja."

Mukantabana hakungoja ruhusa. Alikaza kitenge, akasogelea lori, akaita kwa Kinyarwanda, kama alivyoita kila jioni akimwaga machicha ya pombe ya ndizi:

"Ngwino! Ngwino, mukobwa wanjye!"

Njoo, binti yangu.

Thelathini walisikia.

Mmoja aliguna.

Alipasua kundi kwa mabega, akawakanyaga wenzake, akapenyeza pua kati ya mbao hadi kiganjani mwa mama.

"Huyu ndiye," Mukantabana alisema, machozi yakimtoka. "Mwizi wewe! Na koti lako la harusi!"

Theoneste alichomoa bastola, Walther. Hakumlenga Cassian. Alimlenga nguruwe.

Buti la Cassian lilitangulia. Risasi ilikwenda mawinguni, bastola mtaroni, daktari kwenye kinyesi.

"Pingu, sajini. Damu itathibitisha yaliyobaki."

"Ndiyo, afande! Shikamoo, afande!"

Redio ilikoroma. "Mgomba Moja, hali?"

"Nguruwe yuko kwa mwenyewe."

"Umeumia?"

"Nimetukanwa tu, njia nzima."

Mukantabana aligeuka. "Unakwenda wapi? Nani atamshusha mwanangu?"

"Daktari. Sajini, pingu zisubiri kidogo."

Cassian aliwasha sigara ya Sportsman, akaipiga teke Yamaha, akaondoka.