Jina la Babu Ukutani

Jumamosi ile pikipiki kumi na tisa ziliingia uani mwa makumbusho ya vita kwa kishindo, utadhani vita vyenyewe vimerudi. Foleni nzima ya tiketi iligeuka. Fundi cherehani wa makumbusho, dada wa gauni la bluu na sindano kolani, alitoka mbio na sare ya askari aliyokuwa akiitia kiraka, akamkabili kijana wa pikipiki ya mbele.

"We kaka! Hapa tunawakumbuka wafu."

"Samahani, mrembo. Ningejua upo, ningeisukuma pikipiki tangu nyumbani."

Alikuwa fundi wa breki, jaketi la ngozi, macho ya kucheka. Dada akabana kicheko, akampeleka mwenyewe kwenye ukuta wa kumbukumbu. Hapo mzaha ulimwisha. Majina elfu nane yamechongwa kwenye jiwe jeusi, mpaka shingo inauma kwa kutazama juu. Akavua helmeti bila kuambiwa.

"Wote hawa?"

"Wote. Na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumngoja."

"Babu yangu hayumo. Alikwenda vitani, akaoa hukohuko. Bibi hajamsamehe mpaka leo."

"Nipe jina lake, nitatazama madaftarini."

"Nawe nipe namba, nikukumbushe."

Simu zikawa asubuhi na jioni, na dada akambandika jina la Moshi kwa ajili ya pikipiki yake. "Umekula, Moshi wangu?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." Penzi likanoga kweli.

Mwezi wa tatu wa penzi lao dada akapiga. "Mpenzi, babu yako yumo, safu ya chini ukutani! Hakuoa popote. Alikufa mwezi wa pili tu wa vita."

"Umejua lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Walikuwa wawili wenye jina hilo, nilitaka nipate hakika kwanza."

"Wiki tatu! Na Ijumaa bibi alikuwa mahututi! Angekufa akimlaani mumewe, na wewe umelikalia jina lake!"

Akakata. Dada akapiga, hakupokea. Hasira hasara, lakini nani amwambie?

Siku ya kumi na moja pikipiki ikaingia uani polepole, ina kigari cha pembeni. Ndani ameketi bibi yake aliyepata nafuu, ajuza wa gauni la zambarau, helmeti imemfunika hadi nyusi. Mjukuu alimshika mkono mpaka ukutani, akamwekea kidole kwenye jina.

Bibi alipapasa herufi moja moja.

"Kumbe hukuniacha, baba watoto," alisema, machozi yakamtiririka. "Kumbe ulikuwa hapa."

Baadaye akageuka, akamwona dada amesimama mbali, hathubutu kusogea.

"Ndiye uliyemnunia?"

"Ndiye, bibi."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi nimemnunia marehemu miaka sitini, na kosa hakuwa nalo. Wewe unataka kufika wapi?"

Kijana alitazama majina yale, akaona aibu na hofu kubwa. Akamwendea dada, akamwomba radhi mbele ya watu elfu nane, na kabla hajamaliza, dada alikwisha mshika mkono.