Mbwa wa Kukhu Edah

Mwaka 1954 tulikaa Kitale, kwenye landhi ya reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Mume wangu, Wekoye, alikuwa karani wa stoo ya mizigo, kwa hiyo tulipewa vyumba viwili. Sisi na watoto, Jentrix na wadogo zake, tulilala cha nyuma. Kukhu Edah, nyanya yake Wekoye, alilala cha mbele. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha na jirani yetu Zuena. Akikohoa, tunasikia.

Kukhu ndiye hakusikia. Masikio yake yalikuwa yameziba kabisa. Ukitaka kuongea naye, unasimama mbele yake, anakusoma mdomo.

Siku moja Zuena alimletea mandazi. Akapiga hodi, akapiga tena, mwisho akaingia akamgusa bega. Kukhu alishtuka, akaangukia jiko. Mkono uliungua mpaka kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo majirani waliogopa kuingia. Kukhu akawa anashinda peke yake, anatazama mlango. Roho iliniuma sana.

"Kule kwetu Bumula nilikuwa na kambwa," aliniambia. "Mtu akifika, kananiwekea pua kwa goti. Najua kuna mgeni."

Nikamwambia Wekoye. Sasa, mume wangu ni mtu mzuri, lakini anapenda kuonekana. Kuna mzungu wa shamba alikuwa anarudi kwao, anagawa mbwa wake. Jioni Wekoye akaja na mbwa wa kondoo, mkubwa kama ndama, manyoya mpaka chini. Tayari alikuwa amempa jina: Meja.

"Hata karani mkuu hana mbwa kama huyu," alisema.

"Atalala wapi?"

"Si ni hapa tu."

"Hapa wapi, Baba Jentrix? Akigeuka tu, mkia unaangusha vikombe."

Tulimfunga mlangoni. Alibwekea treni, akabwekea wapita njia, akabweka tu. Wiki nzima ilipita ndipo akili ikanijia: tumemletea mbwa wa kubweka mtu asiyesikia. Kukhu alikaa vilevile, anatazama mlango.

Wiki ya pili kamba ilikatika. Meja akawakusanya watoto wa landhi, tisa kwa hesabu, akawabana kwenye ukuta wa tangi la maji. Hakuuma hata mmoja. Lakini mtoto akitoka, anamrudisha. Walilia mpaka mama zao wakaja na mifagio. Hamdun, mume wa Zuena, alikuwa anaelekea msikitini. Meja akamlamba kanzu, ikaingia najisi. Maskini akarudi nyumbani kufua na kubadilisha nguo, na swala ya jamaa ikampita.

Mbugua, msimamizi wa landhi, alikuja jioni ileile. "Jumamosi mbwa awe ameondoka. La sivyo mnaondoka nyinyi nyote."

Kukhu alimsoma mdomo. Akaanza kukunja blanketi yake. "Nirudisheni Bumula. Shida ni mimi."

Bumula hakukuwa na mtu wa kumpikia hata uji. Nililia.

Alhamisi, Chesang, mfanyakazi wa idara ya mifugo, alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nilimvuta Meja mpaka pale alipokuwa. Kusema kweli, yeye ndiye alinivuta.

"Anafanya kazi gani?" Chesang aliuliza.

"Hana kazi."

"Basi ndiyo ugonjwa wake, mama. Huyu amezaliwa kufukuza kondoo kutwa. Mmemnyima kondoo, akachukua watoto."

Nilimweleza habari ya Kukhu. Akasikiliza hadi mwisho, akamkuna Meja shingo.

"Mbwa hachaguliwi kwa ukubwa," alisema. "Kila aina ina kazi yake. Wa kuwinda atafuata harufu. Wa ulinzi atabwekea wageni. Nyumba ya kupakana inataka mbwa mdogo, mtulivu, asiyebweka ovyo. Tena aliyekwisha kukua. Mtoto wa mbwa hujui atakuwa nini. Atembezwe asubuhi na jioni, achanjwe. Na uliza majirani kwanza. Huyo nyanya ndiye achague."

Kwa Meja alijua mfugaji wa kondoo kule Kachibora. Ijumaa lori lilimchukua. Wekoye alisimama barabarani mpaka vumbi likaisha. Alimpenda yule mbwa, siwezi kukataa.

Mimi nikaenda kwa Zuena. Tukapatana: mbwa atakaa ndani, hatafika bombani, na nikimtembeza namshika kamba.

"Wewe kuniuliza tu, imetosha," Zuena alisema.

Jumamosi asubuhi Chesang alitupeleka kwa Nyaruai, mwenye hoteli ya chai, aliyekuwa na mbwa watatu. Kukhu aliketi kwenye stuli. Wa kwanza akamrukia. Wa pili akabweka. Wa tatu, jike mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, alinusa ule mkono wenye kovu, kisha akamkalia miguu.

"Ati huyu?" Wekoye alisema. "Si sikio limeraruka?"

Kukhu alimtazama mdomo. "Limeraruka moja. Yangu ni mawili. Tutaelewana."

Tulimwita Chai. Mbugua alipokuja kukagua, ilibidi ainame chini ya meza ndipo amwone. Akaenda zake bila kutukataza.

Chesang alitufundisha. Mtoto anapiga hodi, Chai akigusa goti la Kukhu, anapewa kipande cha ugali. Kila siku hivyo, bila kumpiga. Mwezi uliisha hivyo.

Mchana mmoja nilikuwa naanika nguo. Zuena akaja na sahani ya mandazi, akapiga hodi mara moja tu, akabaki nje. Kupitia dirishani nikamwona Chai akiinuka na kuweka pua kwenye goti. Kukhu akageukia mlango.

"Karibu," alisema. "Ingia, mwanangu."

Zuena alisimama pale na sahani yake, akafuta macho kwa leso.

"Ameniitikia," aliniambia. Akaingia, akaketi upande ambao Chai hayuko. Hakutoka mpaka mandazi yakaisha.