Amri Kutoka Ng'ambo ya Namanga

"Soipan! Fungua ama nivunje! Niko na karatasi ya korti ya Tanzania. Naeku ni wangu!"

Panga likaingia kwa mbao za mlango. Soipan alimsukuma binti yake Naeku, wa miaka sita, chini ya kitanda, akashika mwiko wa ugali. Mwiko, jamani! Na huko nje alikuwa Lemein, mumewe aliyemvunja mbavu mbili kule Longido, Tanzania, kabla Soipan hajatorokea Kitengela, Kenya.

Njogu, mchonga mawe aliyempenda mwaka mzima bila kumgusa, alisikia kelele akaja mbio.

"Ndugu, weka hiyo panga chini."

"Kumbe ni wewe unalala na bibi yangu?"

Panga lilimpasua mkono hadi mfupa ukaonekana. Majirani wakamrukia Lemein, wakamchapa nusura wamuue kabla polisi hawajafika.

Wiki iliyofuata Lemein aliletwa kortini Kajiado na pingu, lakini wakili wake alikuwa anatabasamu. Jaji akiikubali ile amri ya Tanzania, Naeku angevushwa mpaka siku hiyo hiyo.

"Mheshimiwa, huyu mama aliitwa kortini Tanzania, akakataa. Ujumbe wake kwa simu ya babake Lemein ni huu: 'Baba mkwe, siji. Mtoto mchukueni.'"

"Uongo!" Soipan akapiga kelele.

Huko nyuma Mzee Saning'o, babake Lemein, akasimama. Yeye hajui kusoma. Huo ujumbe alikuwa anausikia mara ya kwanza.

"Nani ameniita baba mkwe? Siku ya harusi nilimpa huyu mama kondoo. Kwa desturi yetu Wamaasai, mkipeana kondoo mnaitana Paker; tangu hapo ananiita Paker, na mimi namwita Paker. Miaka nane, hakuna jina lingine! Lemein, ndiyo maana ulikuwa unakaa na simu yangu, ujiandikie huo ujumbe?"

"Nyamaza, mzee!"

Lemein aliruka benchi, akamtandika mzee mdomoni kwa pingu. Damu ikamwagika kwa shuka lake. Baba yako mzazi, ati! Askari wanne wakamlalia Lemein.

Jaji akangoja watulie.

"Amri ya nchi jirani tunaiheshimu. Lakini hii imepatikana kwa uongo, na mama hakusikizwa. Haitatekelezwa hapa. Mtoto abaki na mamake."

Soipan alilia hadi akaishiwa na sauti. Nje, Njogu alikuwa anamngoja, mkono kwenye bandeji.

"Sasa, Soipan? Nije kwenu na wazee?"

"Mimi bado ni bibi ya mtu, Njogu."

"Najua."

"Basi kesho usiende kazi. Nipeleke kwa wakili nikaitishe talaka. Na huko nitaongea mwenyewe."