Mashanza ya Mama Fatouma

Kila Jumamosi asubuhi, watu wazima wa mtaa walipokwenda Salongo, kazi ya lazima ya pamoja, kufyeka nyasi kwa amri ya Chama, Madina alibaki nyumbani na sufuria. Mama yake, Fatouma, aliyehamia hapa kutoka Uvira, huko Kivu, alitengeneza na kuuza mtindi wa maziwa ya soja, bila tone la maziwa ya ng'ombe. Maziwa hayo aliyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, akatia kijiko cha mtindi wa jana, kisha akaifunga sufuria ndani ya blanketi. Kilichoganda alikiita mashanza, jina ambalo kwao ni la maziwa ya ng'ombe yaliyoganda.

Mama Micheline, jirani yao, hakuwapenda. Aliwaambia wapita njia kwamba blanketi ni la kufunikia watoto, si sufuria, na kwamba watu wa Kivu hawawezi kutambua chakula kilichooza. Hata hivyo alinunua, kwa ajili ya mwanawe René. Maziwa ya ng'ombe yalimvimbisha midomo na kumbana pumzi. Mtindi wa soja haukumdhuru.

Jumamosi hiyo Mama Fatouma aliacha agizo moja tu: maziwa yakipoa, Madina atie kijiko cha mashanza kutoka kikombe cha chachu, ule mtindi wa jana uliowekwa akiba. Lakini kikombe kilikuwa kitupu. Madina alikuwa amekimaliza alipoamka, kwa ndizi mbivu, akilamba mpaka ukingoni.

Akaogopa kofi. Akajiambia kwamba mashanza ni mashanza. Alikimbia sokoni kwa mwanamke mmoja wa Kivu, akabadilisha ndizi zilizobaki kwa kikombe cha mashanza, akakimimina chote ndani ya soja. Mama aliporudi na kuuliza kama alifanya alivyoagizwa, Madina alijibu ndiyo. Mtindi uliganda vizuri. Mama akapaka sehemu ya mtindi huo kwenye samaki, pamoja na tangawizi, tayari kwa kuchoma, na bakuli moja likaenda kwa René.

Kabla jua halijatua, Mama Micheline alisimama mlangoni, na umati nyuma yake.

"Muchawi. Mutoto yangu iko dispensaire, hapumui vizuri. Umemupa sumu."

Mtu mmoja alitaka nyumba ivunjwe. Mwingine akasema warudishwe kwao. Mama Fatouma alichukua sufuria, akamshika Madina mkono, wakaenda dispensari, umati ukiwafuata kwa matusi.

Muuguzi Théodore alikuwa amekwisha kumchoma René sindano. Alinusa sufuria.

"Sitafuti muchawi," alisema. "Natafuta chakula. Humu mulitia nini?"

"Soja," alisema Mama Fatouma. "Na mashanza ya jana."

"Ya jana yaliisha, Mama," Madina alisema. "Niliyakula mimi. Nikatia mashanza ya sokoni. Kikombe kizima."

"Ya ng'ombe," alisema Théodore. "Bon. Sasa najua cha kufanya."

Usiku ulipoingia René alikuwa anapumua sawasawa. Mama Fatouma alimwaga mtindi wote shimoni, na samaki pia. Chachu safi haikubaki nyumbani.

Kesho yake Mama Micheline aliweka bakuli kizingitini. Ndani mlikuwa na mabaki ya mtindi wa juzi, ule ambao René alikula salama. Hakuomba radhi.

"Chukua, ufanye chachu. Mutoto yangu atakula nini? Lakini huyu wako asiguse sufuria."

Alipoondoka, Mama Fatouma alimwita binti yake.

"Mimi nilikosea, niliita vitu viwili jina moja. Kuanzia leo huu ni mtindi wa soja. Wewe ulikula, na kula kwako hakukumuumiza mtu. Nilikuuliza, ukadanganya. Uongo huo ndio uliombana René pumzi. Ukiharibu kitu, sema kabla hakijafika mdomoni mwa mtu."

Kisha akampa bakuli lile, aliangalie mpaka maziwa mapya ya soja yapoe.