Nyuma ya Michongoma ya Babu

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Bibi Mshonaji alivuka barabara na ndoo ya maji. Alikwenda kumwagilia bustani ya mji. Marehemu mumewe aliitunza bustani ile miaka thelathini. Alipofariki, Bibi hakuweza kuiacha.

Katikati ya bustani ilisimama sanamu ya mtu mwenye kofia pana. Watu walimwita Bwana Kofia. Kitako chake kilizungukwa na michongoma minene, iliyonyolewa vizuri kama kichwa cha bwana harusi. Kazi ya mumewe hiyo. Zamani Bibi alikuwa akimletea chakula cha mchana hapo. Akisahau kijiko cha pili, walipokezana kimoja. Ukweli ni kwamba siku nyingine alikisahau makusudi.

Asubuhi moja alikuta karatasi imebandikwa langoni. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Halmashauri ilikuwa inaomba maoni. Sanamu ibaki, au iondolewe? Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Alirudi nyumbani, akaketi kwenye cherehani bila kushona. Mjukuu wake, muuguzi, alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Mke mwenza, mbona umenuna?" akauliza.

"Wanataka kumwondoa Bwana Kofia."

"Si aende zake? Alitajirika kwa kuuza watu, Bibi."

"Yaliyopita si ndwele."

"Kwa waliouzwa ni ndwele mpaka leo."

"Wewe unamwona yeye," Bibi akasema. "Mimi namwona babu yako. Wakiondoa sanamu, watang'oa na alivyopanda. Watu watasema alimpamba mwovu maisha yake yote. Nitauficha wapi uso wangu?"

 Hata hivyo, walipokula, mjukuu alimwekea Bibi kipande kikubwa zaidi cha samaki, kama kawaida.

Kesho yake Bibi alikwenda makumbusho. Humo alifanya kazi mtunza nyaraka, mwanamume aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka karatasi inayosema Bwana Kofia alikuwa mtu mwema. Niende nayo mkutanoni."

Yule bwana hakucheka. Alimvutia kiti, akaleta jalada la zamani.

"Alijenga barabara, mama. Hilo ni kweli. Alinunua watu na kuwauza. Hilo nalo ni kweli, ameandika mwenyewe. Lakini mengine yamechongwa palepale bustanini. Una mkasi wa kukatia matawi?"

"Ninao wa marehemu."

Wakaenda pamoja. Mtunza nyaraka aliomba ruhusa ya halmashauri kwanza. Kisha akakata matawi ya upande wa nyuma, taratibu, miiba ikimchoma mikono. Jiwe la kitako cha sanamu likaonekana. Lilichongwa safu ya watu. Shingo zao zilifungwa kwa mnyororo mmoja, na mbele yao alitembea mtu mwenye kofia pana.

Bibi akakaa chini, kwenye majani.

"Miaka yote hii," akasema, "nawamwagilia maji na siwajui."

"Waliojenga sanamu walijivunia biashara ile. Baadaye ofisi ya mji ikaona haya. Ikaamuru michongoma ipandwe. Barua ya amri ipo."

"Mume wangu alijua?"

"Barua inasema aliamriwa tu. Alichokifikiri hakikuandikwa, mama."

 Bibi alikumbuka jambo. Kila alipofika upande huu, mumewe alivua kofia. Yeye alikuwa akimgombeza: jua litakupasua kichwa. Mzee alitabasamu tu, akaendelea na kazi.

"Sasa nifanye nini?" akauliza. "Vijana wa mtaani wanasema wataivunja kwa nyundo."

"Waambie wasivunje. Ni kosa la jinai, tena wanaweza kumjeruhi mtu. Na wakivunja, hawa wafungwa nao watapotea. Sanamu inaweza kuhamishiwa makumbusho, pamoja na maelezo ya kweli. Kuhamisha si kufuta historia. Ni kuacha kumtukuza mtu."

"Mimi kuandika barua siwezi vizuri."

"Sema kwa mdomo. Karani ni wajibu wake kukuandikia. Ila usitie sahihi mpaka akusomee alichoandika."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Zamu ya Bibi ilipofika, mwenye duka la vyombo alidakia, "Bibi, si juzi tu dukani kwangu ulisema abaki?"

"Juzi sikuwa nimeona."

 Bibi akasema alichokiona. Akaomba sanamu ihamishwe, jiwe la wafungwa libaki, na michongoma ikatwe. "Aliyeipanda ni mume wangu," akasema. "Mimi ndiye ninayewaruhusu."

Karani akaandika, akamsogezea kalamu.

"Nisomee kwanza, baba."

Karani akasoma: "Mwananchi anaomba sanamu ihamishwe."

"Na wafungwa?"

"Nimefupisha tu, Bibi."

"Walishafupishwa vya kutosha, mwanangu. Waandike."

Karani akaandika upya, akasoma tena, na Bibi akatia sahihi. Mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Aliinama, akamfunga Bibi mtandio uliolegea.

Uamuzi ulichukua miezi mitatu. Bwana Kofia alihamishiwa makumbusho. Jiwe la wafungwa likabaki bustanini, na kando yake kibao cha maelezo kwa maneno mepesi. Mmoja wa wasemaji wa mkutano alipendekeza jina la mtunza bustani liandikwe pia. Bibi alikataa. Alisema marehemu hakupenda kelele.

Siku moja alikuta wanafunzi wamepiga magoti mbele ya jiwe. Msichana mmoja alikuwa anahesabu kwa kidole.

"Watu kumi na mmoja," akasema.

Bibi akaweka ndoo chini. Akapiga magoti naye, polepole, akishika kiuno.

"Tazama mgongoni kwa yule mama," akamwambia. "Hapo palipolika. Unamwona?"

Msichana akapapasa jiwe.

"Ni mtoto."

"Basi hesabu tena, mjukuu wangu. Safari hii usimwache."