Nusu ya Habari Aliyopewa Daktari

Jamani, nyumba ya Deok-hwan ilikuwa ya kutamanika. Vuli ikiingia mjini Sangju, yeye na mkewe Yeon-ju hukaa barazani wakimenya gam, yale matunda ya rangi ya dhahabu, na kuyatungika chini ya paa yakaushwe na upepo. Binti yao Sol akitoka shuleni huiba yaliyoanza kulainika, na bibi yake, Mama Sun-rye aliyemzaa Deok-hwan, hujifanya haoni.

Vuli ile mikono ya Yeon-ju ilishikwa na kasi isiyo ya kawaida. Alimenya matunda ya siku tatu kwa siku moja, akaongea bila kituo. Usingizi wa saa mbili ulimtosha. Kisha akaagiza miche elfu mbili ya gam, ilhali shamba lao halikuwa na nafasi hata ya ishirini.

"Utaipanda wapi, Mama Sol?" mumewe aliuliza.

"Mlimani. Tatizo lako, Baba Sol, unafikiri kama kuku. Unaona punje iliyo miguuni tu."

Watu walicheka. Mama Sun-rye akawatambia majirani: "Wakwe zenu wanalala hadi jua liwachome. Wangu ni mashine."

Deok-hwan aliona mambo hayako sawa. Lakini kazi ilikuwa inakwenda, akanyamaza. Kosa lilianzia hapo.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Yeon-ju alizimika kama taa iliyokatiwa umeme. Hakuamka, hakuchana nywele, chakula alikitazama tu. Miche ikakaukia kwenye vifurushi vyake. Na mama mkwe, yule yule aliyejitapa, akasimama mlangoni.

"Ugonjwa gani huu usio na homa? Ni uvivu. Amka upike."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

Yeon-ju aligeukia ukutani. "Sijui tena tofauti yake."

Asubuhi moja alimwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Sol atapata mama mwingine. Aliye mzima."

Siku hiyo hiyo Deok-hwan akawasha gari ampeleke kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mama Sun-rye akamfuata hadi dirishani. "Semeni ana huzuni, basi. Habari za miche ziacheni hapa hapa. Ikijulikana mama yake ni kichaa, Sol ataolewa na nani?"

Daktari Pyo, mwanamke wa makamo asiye na haraka, aliuliza maswali mengi. Mwishoni akamgeukia mume. "Kuna kipindi alichokuwa na nguvu kupita kiasi? Halali, anaongea sana, anapanga makubwa?"

Yeon-ju aliinamisha kichwa. Deok-hwan alitazama viatu vyake. "Hapana."

Wakapewa dawa ya sonona.

Wiki ya tatu Yeon-ju aliamka akiimba, na nyumba nzima ikashukuru. Siku ya tano ya nyimbo hizo Deok-hwan alimkuta juu ya paa, miguu mitupu kwenye theluji, aking'oa vigae ili ajenge ghorofa. Chini Sol alikuwa akilia.

Deok-hwan alipanda polepole, akaketi kando yake. "Mama Sol, nishike mkono. Naogopa kushuka peke yangu."

Yeon-ju akamcheka, akamshika mkono, akamwongoza hadi chini.

Hospitalini safari hii mume alisema yote: usingizi, maneno, miche. Machozi yalimtoka akisema.

"Hiyo ndiyo nusu niliyoikosa," alisema Daktari Pyo. "Mkeo hana sonona peke yake. Ana bipola: hisia hupanda mno, kisha hushuka mno. Dawa ile ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha juu mtu wa namna hii."

"Basi ni mimi niliyempandisha paani."

"Ya lawama tuyaache. Mara ya mwisho alilala vizuri lini? Tuanzie hapo."

Yeon-ju alilazwa wiki nne, akabadilishiwa dawa, damu ikipimwa kila mara kuona kama kiwango cha dawa kinafaa. Wiki ya pili Mama Sun-rye alifika na uji wa mchele, akaumimina bakulini.

"Kaka yangu alikuwa hivi," alisema. "Tulimfungia stoo. Alifia humo. Nilidhani nikikataa kulitaja jambo hilo, halitanifuata tena."

Yeon-ju alimsogezea kijiko. "Kula na mimi, mama. Uji unapoa."

Hakupona kama mtu aliyetolewa mwiba. Mwaka uliofuata usingizi ulimpotea mara mbili. Lakini safari hizo alisema mwenyewe: "Baba Sol, nimelala saa tatu tu, na nina mawazo mazuri mno. Mpigie daktari." Dawa ikarekebishwa, siku zikapita, paa halikuguswa. Leo yumo kazini, ana vicheko vyake na ukali wake, na kila Alhamisi huenda kituo cha afya kuzungumza na wenye maradhi kama yake. Mama Sun-rye ndiye humpeleka.

Funzo

Huzuni isiyobanduka wiki baada ya wiki si uvivu, na shangwe isiyolala si baraka. Zote mbili ni dalili. Mwenzako akisema ni heri asingekuwepo, usimwache peke yake. Mtafutie msaada siku hiyo hiyo. Na ukifika kwa daktari usichague la kusema. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lile unalolionea haya ndilo litangulize, maana daktari hutibu alichoambiwa.