Kakakuona Niliyemtafuta kwa Jina la Uongo

"Scholastika ni nani hapa?"

Jumamosi asubuhi, Karatu, nafua nguo uani. Askari wawili na afisa wa wanyamapori hawa hapa!

"Ni mimi..."

"Unatuhumiwa kununua nyara za serikali. Twende."

Mimi?! Mwanafunzi wa uzamili?!

Jamani, nilikuwa natafiti magrupu ya siri mtandaoni yanayouza wanyamapori. Nilijiunga kwa jina la Tajiri Moshi. Kibali cha chuo kilisema nisome tu, nisimwandikie mtu.

Miezi miwili, kimya! Nikaona utafiti unakufa. Nikaandika, "Natafuta kakakuona." Hakuna jibu. Nikarudia. Mara ya tatu mtu akajibu, "Ninaye, mzima."

Nilifurahi, wallahi. Data hiyo!

Sasa nani kanichoma? Simu yangu huwa anaishika mtu mmoja tu, Laurencia, ninayeishi naye chumba kimoja. Na alisimama mlangoni, hanitazami!

"Laurencia, ni wewe?"

"Niliona meseji, dada... nikadhani unanunua kweli, nikaripoti."

Nikamchukia palepale.

Kituoni nikatoa kibali kwa kujiamini. Afisa akakisoma, kisha akaagiza mtu aletwe. Baba wa makamo, ana pingu, buti zimejaa udongo wa shamba.

"Bartolomeo, mteja wako huyu."

Akanitazama weee...

"Binti, Tajiri Moshi ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kumbe grupu zima halikuwa na muuzaji! Matapeli na watazamaji watupu. Bartolomeo analima maharage Mbulumbulu. Alimkuta kakakuona shambani, akakumbuka mle kwenye grupu kuna tajiri anamtafuta. Hajawahi kuuza mnyama maishani mwake!

Msimamizi wangu, Dokta Hilary, akapiga simu.

"Usiandike maelezo yoyote. Kibali kitakutoa."

"Na huyu baba, Dokta?"

"Huyo hatuhusu."

Nikakata simu. Nikaomba karatasi, nikaandika yote: nilimshawishi mimi, na kibali hakikuniruhusu.

Tulikaa mahabusu wiki tatu. Aliyekuja kunidhamini? Laurencia!

Sasa kesi ni yetu wawili. Chuo kimenisimamisha. Kakakuona karudishwa porini, mzima.

Watafiti wenzangu, mimi nilijiona mtazamaji. Siku nilipouliza, nikawa mteja. Mkiwa humo ndani, kumbukeni anayesoma swali lenu ni mtu, na anaweza kuinuka akalifanyia kazi.

Mke wa Bartolomeo bado hajapokea simu zangu.